Baiskeli nyepesi si lazima iwe ya kasi

BAISKELI ya mbio inapotajwa, swali la kwanza ambalo vijana wetu huuliza ni moja: ina uzani wa kilo ngapi? Huinyanyua kwa vidole viwili, wakatikisa kichwa kwa kustaajabu au kwa dharau, kisha wakatoa hukumu. Si kosa kuuliza hivyo. Hata hivyo, uzani ni sehemu moja tu ya hesabu, na aghalabu ndiyo sehemu inayouzwa kwa bei ya juu zaidi.

Mpwa wangu mmoja afanyaye kazi Eldoret alinitembelea likizoni, baiskeli yake ikiwa imefungwa juu ya matatu. Ni baiskeli ya mtumba, fremu yake ya alumini, yenye uzani wa kilo tisa na nusu. Kijana mwenyewe ana kilo 62. Kwa zaidi ya mwaka mmoja alikuwa ameweka akiba ili anunue magurudumu ya kaboni ambayo yangempunguzia gramu 400.

"Mjomba," aliniambia, "nikiyapata haya, wenzangu wataniona mgongo tu tukipanda Iten."

Nilimwomba ailete baiskeli hiyo barazani tuitazame. Tairi zake nyembamba za milimita 23 zilikuwa zimekauka na kufanya nyufa. Mnyororo ulikuwa umelegea kiasi kwamba ungeweza kuuvuta ukatengana na meno ya mbele. Raba za breki zilikuwa zimelika hadi kukaribia chuma. Naye, maskini, alitaka kuitia gari hiyo yenye pancha rangi mpya!

Ili kuelewa kwa nini nasema hivyo, ni sharti tutambue kwamba mwendesha baiskeli hupambana na mambo matatu makuu: upepo, mvutano wa ardhi, na ukinzani wa tairi zinapoviringika juu ya barabara. Ukubwa wa kila kimoja hutegemea mahali ulipo na kasi uliyo nayo.

Kwenye barabara tambarare, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, upepo hula zaidi ya asilimia 80 ya nguvu zote za mwendeshaji. Isitoshe, nguvu zinazohitajika kuushinda upepo hazipandi sawia na kasi. Anayetoka mwendo wa kilomita 30 kwa saa hadi 40 huongeza kasi yake kwa thuluthi moja tu, ilhali nguvu anazotumia dhidi ya upepo hupanda zaidi ya maradufu. Katika hali hiyo, kupunguza kilo moja kutoka kwa baiskeli hakuleti tofauti ya maana. Kukunja viwiko, kuinamisha kifua na kuvaa shati linalobana mwili, badala ya lile linalopepea kama bendera, huleta tofauti kubwa. Tena mambo hayo mawili ya kwanza hayauzwi dukani.

Mlimani mambo hubadilika. Barabara inapopanda mita nane kwa kila mita 100, kasi hushuka hadi kilomita 12 hivi kwa saa, upepo ukawa si kitu, na mvutano wa ardhi ukatwaa usukani. Hapo kila kilo ina thamani yake. Ikiwa mwendeshaji, baiskeli, maji na mavazi vyote kwa pamoja vina uzani wa kilo 75, kupunguza kilo moja kutamwokolea sekunde 40 hadi 45 katika mlima wa saa nzima. Basi gramu 400 za mpwa wangu zingempa sekunde 17 hivi. Chupa ya nusu lita ya maji, ambayo yeye huijaza pomoni kabla ya kuanza kupanda, ina uzani unaozidi gramu hizo.

Kuna jambo jingine linalowahusu hasa wakazi wa nyanda zetu za juu. Iten imo katika mwinuko wa mita 2,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban sehemu moja kwa tano. Upepo unaomkinga mwendeshaji Iten kwa hiyo ni hafifu kuliko ule wa barabara ya Mombasa kuelekea Malindi, na uzani huchukua nafasi kubwa kidogo katika hesabu. Mbelgiji Eddy Merckx aliijua siri ya hewa hiyo. Mwaka 1972 alikwenda Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, akaweka rekodi ya saa moja kwa kwenda kilomita 49.431. Baiskeli yake ilikuwa na uzani wa kilo 5.75, na hata mnyororo wake ulikuwa umetobolewa matundu ili upungue gramu. Miaka hiyo kutoboa vipuri kulikuwa kama ada miongoni mwa mafundi wa Ulaya. Nawasihi mafundi wetu wasiiige. Baiskeli ile iliundwa kwa ajili ya kazi ya saa moja katika uwanja laini, si kwa barabara yenye mashimo.

Tangu mwaka 2000, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, UCI, limeweka kanuni kwamba baiskeli ya mashindano isipungue kilo 6.8. Viwanda vina uwezo wa kushuka chini ya hapo kwa urahisi. Maana yake ni kwamba wale mabingwa tunaowaona kwenye runinga hawashindani tena kwa gramu peke yake. Wengi wao wamegeukia umbo linalopenya hewa na, ajabu kwa wale tuliolelewa na tairi nyembamba kama ulimi wa nyoka, wamegeukia tairi pana. Zamani milimita 23 ndiyo iliyokuwa desturi. Siku hizi tairi za milimita 28 na hata 30 ni jambo la kawaida katika mbio kuu za Ulaya.

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu na mpwa wangu.

Tairi inapoviringika hujikunja na kujikunjua kila inapogusa ardhi, na kila mkunjo hupoteza nguvu kidogo. Tairi yenye mpira mzuri na kitambaa laini hupoteza kidogo, ile ngumu ya bei rahisi hupoteza kingi. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, tofauti baina ya tairi nzuri na duni yaweza kufika wati 10 kwa kila gurudumu. Mlimani, kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa, tofauti hiyo hupungua hadi wati nne kwa gurudumu, yaani wati nane kwa baiskeli nzima. Je, zile gramu 400 zilizopunguzwa katika magurudumu ya kaboni humwokolea mwendeshaji wati ngapi katika mlima uo huo na kwa kasi iyo hiyo? Moja.

Nilimwandikia hesabu hiyo nyuma ya bahasha. Aliitazama kwa muda mrefu, akaigeuza bahasha kana kwamba nyuma yake kulikuwa na jibu jingine.

Upana nao una faida yake. Kwenye lami iliyochakaa, tairi nyembamba iliyojazwa upepo hadi presha 120 hurukaruka juu ya kila kokoto, na kila mruko ni nguvu iliyopotea na mgongo uliochoka. Mtu wa kilo 62 akitumia tairi ya milimita 28, presha ya 70 hivi humtosha. Kabla ya kununua, hata hivyo, pima nafasi iliyoko baina ya tairi, fremu na breki. Fremu nyingi za zamani hazikubali tairi inayozidi milimita 25, na lazima ibaki nafasi ya milimita kadhaa kila upande ili jiwe likinasa lisilisimamishe gurudumu.

Tyubu ndiyo mahali pa kupunguza gramu kwa bei nafuu. Tyubu ya kawaida ya mpira ina uzani wa gramu 100 hivi. Zipo nyingine za plastiki laini zisizozidi gramu 40. Kwa magurudumu mawili, mtu huwa ameondoa gramu 120 kwa gharama ambayo haikaribii hata kidogo ile ya rimu za kaboni. Ila ukipata pancha, gundi na viraka vya kawaida havizishiki, ndiposa inafaa kubeba viraka vyake maalumu au tyubu ya akiba.

Baada ya tairi, mnyororo. Mnyororo mchafu hula nguvu, na uliochakaa hula pia meno ya gia, kisha gharama ikawa mara mbili. Kuupima hakuhitaji chombo cha ajabu. Chukua rula, weka sufuri katikati ya pini moja, uhesabu inchi 12. Katika mnyororo mpya, pini nyingine itakuwa katika inchi 12 barabara. Ikiwa imesogea kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, wakati wa kuubadilisha umefika. Mnyororo mpya uoshwe, ukaushwe kabisa, kisha utiwe mafuta kiasi na kupanguswa kwa nje. Wapo wanaouchovya katika nta iliyoyeyushwa. Ni kazi ya kuchosha, lakini mnyororo wa nta haukusanyi vumbi, na vumbi letu la Januari tunalijua.

Gia nazo zina kitendawili chake. Baiskeli ya mpwa wangu ilikuwa na gia ya kupandia mlima yenye meno 39 mbele na 25 nyuma. Kwa gia hiyo, mwendo wa kilomita 12 kwa saa humlazimu mtu kukanyaga kama mara 60 tu kwa dakika, akisukuma kwa magoti yote kama anayekanyaga udongo wa kufyatulia matofali. Akiwa na meno 34 mbele na 32 nyuma, atakwenda karibu kasi iyo hiyo akizungusha miguu mara 85 hadi 90 kwa dakika, na misuli yake itadumu. Kaseti yenye meno mengi ni nzito zaidi kwa makumi ya gramu. Kwa hivyo, kuna kipuri kinachoiongezea baiskeli uzani na bado kikamfikisha mwenyewe kileleni mapema! Muhimu ni kuhakikisha kwamba kibadilisha gia cha nyuma kina urefu wa kutosha kulihimili gurudumu hilo kubwa la meno, na kwamba mnyororo una viungo vya kutosha.

Kuhusu kununua seti nzima ya gia na breki za daraja la juu, sina mengi. Baina ya seti ya Shimano 105 na ile ya Dura-Ace za kuvutwa kwa waya, tofauti ya uzani ni karibu nusu kilo, ilhali bei hutofautiana mara kadhaa. Anayelipwa kwa kushindana ana sababu yake. Sisi wengine tunanunua fahari, na fahari si dhambi, bora tuijue kwa jina lake.

Sasa nirudi kwenye yale magurudumu, kwa sababu hofu yangu kubwa haikuwa fedha. Rimu za kaboni alizozitaka ni za breki za kubana rimu. Kaboni haiondoi joto haraka kama alumini. Anayeshuka kutoka Iten kuelekea Bonde la Kerio hushika breki kona baada ya kona, na rimu duni inapochemka yaweza kulainika, ikavimba kando na kupasua tyubu katika mwendo wa kasi. Hata rimu nzuri huhitaji raba zake maalumu. Zile za alumini, zenye mabaki ya chuma, hazifai kabisa.

Hatari hiyo huzidi kwa vipuri bandia. Katika soko la mtandaoni kuna usukani, nguzo za kiti na uma za mbele zilizobandikwa majina ya viwanda mashuhuri ambavyo havikuziunda. Kaboni iliyoundwa vibaya, au iliyokazwa kupita kiasi, huweza kukatika ghafla bila kuonya. Boliti nyingi za sehemu hizo zisizidi nyutoni-mita tano, kipimo ambacho mkono haukijui. Panahitajika spana yenye kupima. Fundi asiyekuwa nayo asiguse usukani wa kaboni. Na ikiwa bei ya usukani ni robo ya ile ya dukani, basi jiulize ni nini kilichopunguzwa pamoja na bei.

Mpwa wangu alinunua tairi mbili nzuri za milimita 25, ambazo ndizo fremu yake ilizikubali, tyubu nyepesi, mnyororo, kaseti, meno madogo ya mbele, waya mpya na raba za breki. Kibadilisha gia kirefu tulikipata cha mtumba. Zaidi ya nusu ya akiba yake ilibaki. Tulipoipima baiskeli tena, ilikuwa imepungua gramu zisizofika 200, naye akanitazama kama mtu aliyepunjwa.

Wiki tatu baadaye alinipigia simu akiwa Iten, akihema bado. Alikuwa amepanda kutoka bondeni kwa muda uliopungua dakika mbili na ushei kuliko ule wake bora wa awali. Nilimuuliza kuhusu kushuka. Alisema breki zilishika, na kwamba kwa mara ya kwanza aliweza kuyatazama mabonde badala ya kulikodolea macho gurudumu la mbele. Kisha akaniuliza iwapo magurudumu ya kaboni yatapungua bei mwakani.