Utamu Si Kipimo cha Faida: Somo la Panya na Homoni

Sogeeni karibu na redio, kila mtu na daftari lake. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: HOMONI, TUZO, MAZOEA. Someni pamoja: ho-mo-ni, tu-zo, ma-zo-e-a. Vema.

Kwanza nawauliza ninyi wafugaji. Ng'ombe akilamba udongo wa chumvi leo, kesho atafanya nini? Atarudi mahali pale pale. Hakuna aliyemwambia. Ulimi umeonja, na kichwa kimekumbuka. Kitu kizuri kinachomfanya mnyama arudie jambo, sisi leo tutakiita tuzo.

Njia hiyo hutumika hapa kwetu Tanzania. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na kutambua kifua kikuu katika makohozi. Panya akipatia, hupewa chakula kidogo, kama vile ndizi. Basi hutaka kupatia tena. Hapo tuzo inatusaidia. Lakini itakuwaje kama tuzo yenyewe ni dawa?

Sasa tutazame neno homoni. Homoni ni kitu kinachotengenezwa na mwili wenyewe, kikasafiri katika damu kama tarishi mwenye barua. Kiungo kinachopata barua hufanya kazi kilivyoamriwa. Ziko homoni za jamii iitwayo steroidi. Mojawapo ni testosteroni, ambayo humpa mwanamume ndevu, sauti nzito na misuli. Nyingine ni kotisoli, itokayo katika tezi ndogo zilizo juu ya figo. Hiyo husaidia mwili wakati wa shida.

Watu wengine hujidunga testosteroni ili wapate misuli mikubwa. Ukiwauliza kwa nini hawaachi, husema wanapenda umbo lao. Wataalamu wakajiuliza: Je, ni umbo tu, au dawa yenyewe huvuta akili? Wakaenda kwa wanyama, maana panya hatazami kioo wala hashindani mbio apate kikombe.

Sikilizeni jinsi walivyofanya. Chukua sanduku lenye vyumba viwili visivyofanana. Panya dume akiwa katika chumba cha kwanza hupewa testosteroni. Akiwa katika chumba cha pili hupewa kitu kisicho na dawa. Baada ya siku kadhaa fungua mlango kati ya vyumba, na usimpe kitu chochote. Atakaa wapi? Majaribio ya miaka ya 1990 yalionyesha kwamba alipenda kukaa katika chumba cha dawa. Ni kama ng'ombe na udongo wa chumvi.

Jaribio la pili lilifanywa Marekani, katika chuo cha University of Southern California, na mtaalamu Ruth Wood pamoja na wenzake. Wao walitumia hamsta, yaani mnyama mdogo mwenye mkia mfupi, wa jamii ya karibu na panya. Miaka ya 2000 walionyesha kwamba hamsta hujipatia testosteroni wao wenyewe, hata ikiingizwa moja kwa moja katika ubongo. Wengine walijipa nyingi mno. Mwili ukapoa, pumzi ikawa nzito, na baadhi yao wakafa. Wanyama wale hawakuwa wakitafuta misuli. Walivutwa na ubongo wao.

Huko Ufaransa nako, mwaka 1993, wataalamu waliona kwamba panya hujitafutia hata kotikosteroni, ambayo kwa panya hufanya kazi ya kotisoli.

Tusitie chumvi: mvuto wa testosteroni si mkali kama wa kokeini. Tena mtu si panya. Lakini fundisho ni hili: mwili kupenda kitu si ushahidi kwamba kitu hicho kinaufaa.

Ndugu msikilizaji, jambo hili linakuhusu hata wewe mkulima wa pamba. Fedha za mavuno zikifika mkononi, utakutana na mtu anayeuza vidonge vya kunenepesha, au mkorogo wa kung'arisha ngozi. Baadhi ya vitu hivyo huwa na steroidi, kama vile deksamethasoni katika vidonge. Siku za kwanza utafurahi: hamu ya kula inarudi, mashavu yanajaa, ngozi inang'aa. Hiyo ndiyo tuzo. Nyuma yake huja shinikizo la damu, sukari katika damu, mifupa dhaifu, na ngozi nyembamba ambayo kidonda chake hakiponi upesi. Naye mwanamume anayejidunga testosteroni, korodani zake hunywea na mbegu za uzazi hupungua.

Sikilizeni onyo hili kwa makini. Steroidi ni dawa nzuri mkononi mwa mganga wa hospitali. Huokoa wenye pumu na maradhi mengine. Aliyepewa na mganga asiziache kwa ghafula. Hata aliyemeza vya dukani kwa muda mrefu asiache kwa siku moja, maana tezi zake zimezoea kupumzika. Aende kituo cha afya, aseme kweli bila haya, apunguziwe polepole.

Sasa andikeni majibu katika daftari:
1. Homoni husafiri kwa njia gani?
2. Kwa nini panya alipenda chumba kimoja kuliko kingine?
3. Jirani yako amenunua vidonge vya kunenepa. Utamwambia nini?

Jibu la swali la tatu lisomeni nyumbani kwa sauti, wote wasikie. Kwaherini.