Kariakoo, Suluhu na Amana: Mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza katika Maneno ya Dar es Salaam

Mtu atokaye Buguruni kwenda mjini kwa Barabara ya Uhuru hupita Ilala, huiacha Kariakoo mkono wa kushoto, kisha hufika Mnazi Mmoja. Akizidi kwenda mpaka Barabara ya Samora, huikuta sanamu ya askari aliyeshika bunduki yenye singe. Safari hiyo ni fupi, lakini ndani yake mna kumbukumbu mbili za vita moja. Ya sanamu hujulikana na kila mgeni. Ya Kariakoo hutamkwa na makonda mchana kutwa, na ni wachache wakumbukao maana yake. Makala haya yakusudia kueleza sehemu waliyokuwa nayo watu wa nchi hii katika kumalizika kwa Vita Kuu ya Kwanza, na katika amani iliyofuata, kwa kuyapima maneno yaliyobaki.

Asili ya jina Kariakoo ni Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, walioingia Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916. Kiswahili kilifuata sikio, si maandishi. Katika neno la pili, Mwingereza huandika herufi za mwisho asizozitamka. Mswahili aliacha asichokisikia, akabakiza koo. Nairobi nayo ina mtaa wa Kariokor, wenye asili hiyo hiyo. Kadhalika, herufi tatu za jeshi la King's African Rifles ziligeuka kuwa Keya. Maneno ya namna hii hayakutungwa na kamati. Yalitoka vinywani mwa watu walioitwa kwa majina hayo kila alfajiri.

Wapagazi walikuwa wengi kuliko askari mara nyingi. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe wa kukokota, na barabara za magari zilikuwa chache. Kwa hiyo chakula, risasi na majeruhi vilibebwa na watu. Kwa pande zote, walioandikwa au kukamatwa kwa kazi hiyo hukadiriwa kupita 1,000,000, na waliokufa katika utumishi wa Waingereza peke yao hukadiriwa kupita 90,000. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi, bali kwa kuhara, homa na njaa. Sanamu ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, huwataja wapagazi katika maandishi yake. Lakini umbo lililochongwa ni la askari peke yake. Ya Nairobi ina mpagazi pia.

Ulaya, vita vilisimama tarehe 11 Novemba 1918. Siku hiyo jeshi la Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa bado likisonga katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Sharti la 17 la mapatano ya kusimamisha vita liliyataja majeshi ya Wajerumani ya Afrika ya Mashariki na kuyataka yaondoke. Habari ilimfikia jenerali huyo baada ya siku mbili tatu, na silaha ziliwekwa chini Abercorn, siku hizi Mbala, tarehe 25 Novemba. Wajerumani walikuwa 155, na askari Waafrika walipita 1,100, mbali na wapagazi na wanawake waliofuatana nao. Basi vita hivyo, kwa watu wasemao Kiswahili, vilikwisha wiki mbili baada ya kwisha Ulaya.

Hapa yafaa kutenga maneno matatu ambayo mara nyingi huchanganywa. Kusimamisha vita ni kunyamazisha bunduki tu. Suluhu ni mapatano ya wagombanao wawili waliokutana. Ndiyo sababu watangazaji wa kandanda huita suluhu mchezo usio na mshindi. Amani ni hali ya mtu kuwa salama na mali yake, nayo ina shina moja na amini, imani na amana.

Mkataba wa Versailles wa tarehe 28 Juni 1919 haukuwa suluhu, kwa kuwa aliyeshindwa aliandikiwa masharti. Kwa ibara ya 119 Ujerumani iliachia makoloni yake yote. Hakuna mtu wa nchi hii aliyekaa mezani. Hata hivyo ibara ya 246 iliiamuru Ujerumani kurudisha, katika miezi sita, fuvu la kichwa cha Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyejiua mwaka 1898 asikamatwe. Miezi sita ikawa miaka thelathini na mitano: fuvu lilikabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, huko Kalenga tarehe 19 Juni 1954, na Gavana Edward Twining.

Neno la tatu ndilo lililozaa matunda. Ruanda na Urundi zilipewa Ubelgiji, na sehemu kubwa iliyobaki, iliyoitwa Tanganyika tangu 1920, ilitiwa mikononi mwa Uingereza kwa idhini ya Shirikisho la Mataifa mwaka 1922. Kwa mujibu wa hati ya Shirikisho hilo, nchi za namna hii zilishikwa kuwa amana. Hapana shaka walioandika hawakufikiri kwamba mwenye mali angeidai upesi. Lakini amana kwa desturi ya Waswahili si zawadi. Aliyewekewa hutakiwa kuirudisha. Mwaka 1946 usimamizi ulihamia Umoja wa Mataifa, uliokuwa na Baraza la Udhamini la kupokea malalamiko. Mbele ya baraza hilo, Machi 1955, Julius Nyerere alisimama kwa niaba ya TANU. Kenya, iliyokuwa koloni, haikuwa na mlango huo. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961.

Kwa hiyo, aulizaye taifa hili lilifanya nini katika kumaliza vita vile na kuleta amani, jibu lina pande mbili. Katika vita, watu wake walibeba. Katika amani, walidai. Kubeba kumeachia mtaa jina lake, na kudai kumeachia jina barabara ile itokayo Mnazi Mmoja kwenda Buguruni.