Mwungwana ni Kitendo

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo kila mtu hulitambua alionapo, lakini akiulizwa ni nini hasa, huona taabu kulieleza. Watu wa pwani huliita uungwana. Aingia mtu barazani. Hana vazi la thamani wala cheo kikubwa. Lakini jinsi alivyovua viatu vyake, alivyotoa salamu, alivyoketi, na alivyonyamaza ili mwenziwe amalize neno lake, humfanya kila aliyepo kusema moyoni, "Huyu ni mwungwana." Kisha aingia mwingine mwenye joho zuri na saa ya dhahabu, watu wamsogelea kwa ajili ya joho, kisha wamkimbia kwa ajili ya ulimi. Wazee walikwisha kutuonya: Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Basi na tutafute ule uzuri usioharibiwa na maji, tuone wakaa wapi.

Tuanze mlangoni. Mtu afikapo kwa mwenziwe hupiga hodi, akasimama kando, wala haukabili mlango ulio wazi, ili macho yake yasitangulie miguu yake. Asipojibiwa hupiga hodi mara ya pili, na ya tatu. Kisha huenda zake pasipo kinyongo, maana mwenye nyumba ana haki ya kutoitika. Neno hilo moja dogo lasema: Hii ni nyumba yako, nami sina amri ndani yake mpaka unikaribishe. Ndiyo sababu katika miji ya kale, kama Lamu, Mombasa na Unguja, nyumba nyingi zina baraza za mawe karibu na mlango. Mgeni hupokewa hapo, akapewa maji na maneno mema, na watu wa ndani wasisumbuliwe. Waashi wa zamani waliijenga adabu kwa mawe na chokaa.

Baada ya hodi huja salamu. Apitaye huwasalimu waliokaa. Wachache huwasalimu wengi. Mdogo humwamkia mkubwa. Wala salamu si neno la kutupwa njiani kama ganda la ndizi. Husimama mtu, akatazamana na mwenziwe, akamwuliza hali yake, na hali ya watu wa nyumbani, na habari za kazi. Ndipo aeleze haja yake. Hata apigapo simu, huanza na "Hujambo?" kabla ya "Nataka." Wageni wengine hudhani kwamba twapoteza wakati. Hatupoteza kitu. Mtu aulizwaye hali yake kabla ya kuulizwa mali yake hujua kwamba ameonekana kuwa mtu, wala hakuonekana kuwa chombo cha kutimizia haja.

Sasa tutazame mikono. Kitu hutolewa na kupokewa kwa mkono wa kuume. Katika sehemu nyingi za bara mtoto hufundishwa kupokea kwa mikono miwili, au kuushika mkono wa kuume kwa wa kushoto karibu na kiwiko, hata kama alichopewa ni karanga chache. Maana yake ni kwamba zawadi yako, ingawa ni ndogo, yanijaza mikono yote. Na mtu ampaye mwenziwe kisu humpa kwa upande wa mpini, makali akajiwekea mwenyewe. Jambo hili halifundishwi kwa maneno mengi, lakini ni somo kubwa.

Katika chakula adabu huonekana zaidi. Kijana huleta birika na bakuli, akamimina maji polepole, akianza na mgeni au mkubwa wa watu. Sinia likiwekwa, kila mtu hula upande wake, wala hapeleki mkono kuvuka kutafuta kipande kilichonona. Bali mwenyeji ndiye akichukuaye kipande hicho, akakiweka mbele ya mgeni bila ya kusema neno. Kisha liko jambo ambalo vijana wengi hawalioni. Mwenyeji mwenye adabu haachi kula kabla ya mgeni. Hata akiwa ameshiba, hudonoa punje moja moja, akazungumza, kwa maana ajua kwamba akinyanyua mkono, mgeni mwenye njaa ataona haya, naye atanyanyua wake. Mgeni hashukuru kwa hilo, kwa kuwa halijui. Uungwana mwingi ni wa namna hiyo, hufanywa pasipo kujulikana.

Kadhalika katika kahawa. Kahawa ya pwani ni chungu, nayo hunywewa katika vikombe vidogo visivyo na mkono, pengine pamoja na kashata au halua. Katika Oman, ambako wako jamaa wengi wa watu wa Unguja, mwenye kumimina hajazi kikombe. Humimina kidogo, akangoja, akaongeza. Naye mgeni aliyetosheka hukitikisa kikombe chake upande huu na huu kabla ya kukirudisha. Mtikiso huo mdogo wa kiganja watosha kusema: Nimeshiba ukarimu wako, pumzika. Hapana aliyeinua sauti, wala hapana aliyelazimika kukataa.

Tukivikusanya vitendo hivi vyote tutaona kwamba vina shina moja. Kupiga hodi humwondolea mwenye nyumba fadhaa. Salamu humwondolea mtu upweke. Mpini wa kisu humwondolea hofu. Punje za mwenyeji humwondolea mgeni haya. Kila kimoja humpunguzia mwenzio mzigo fulani, nacho chahitaji uangalifu tu, wala si fedha. Kwa hiyo hakichakai kama nguo, wala hakipitwi na wakati.

Walakini tusidanganyane, wasikilizaji wetu. Neno hili uungwana lina historia yake, na historia hiyo si yote ya kupendeza. Hapo kale mwungwana maana yake ilikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Uungwana ulikuwa nasaba kwanza, na tabia baadaye. Mtumwa, hata angekuwa na adabu kuliko bwana wake, hakuitwa mwungwana. Katika Unguja desturi iliwazuia watumwa kufunika vichwa vyao na kuvaa viatu mbele ya mabwana, ili kila atazamaye ajue nani ni nani.

Tutazame maandishi ya zamani. Karibu na mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mtunzi mashuhuri wa upande wa Pate, alimtungia binti yake utenzi wa wasia. Alikuwa mgonjwa, naye alitaka kumwachia mwanawe akiba isiyoibika. Amemfundisha usafi, heshima, na ulimi wa adabu, na mpaka leo mashairi hayo husomwa kwa mapenzi. Lakini katika utenzi huo huo amwonya asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi. Tena, mwaka 1903 Carl Velten alitoa kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli, ambacho sehemu yake kubwa iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Mrima aliyekuwa akifundisha Kiswahili mjini Berlin. Adabu za watu zimo humo, na habari za utumwa zimo humo humo. Adabu nzuri na ukuta mbaya vilikaa katika nyumba moja.

Ukuta huo ulivunjwa kwa sheria. Unguja na Pemba ilikuwa mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Waliokatazwa kofia wakavaa kofia. Katika Unguja wanawake waliokuwa wakivaa kaniki wakajifunga kanga za rangi, wakatembea mjini. Nao hawakuzitupa adabu kwa kuwa zilikuwa za mabwana. Walizishika, wakazifanya zao. Tangu hapo mithali yetu ikapata nguvu mpya: Mwungwana ni kitendo. Yaani usituambie baba yako alikuwa nani, tuonyeshe ufanyavyo.

Hapa wako watu wasemao kwamba salamu ya shikamoo yafaa iachwe. Hoja yao si ya kupuuzwa. Wengi hueleza kwamba asili ya neno hili ni "nashika mguu," nayo ilikuwa salamu ya mnyonge kwa mwenye nguvu. Yawezaje basi kuwa salamu ya watu huru? Sisi twaona kwamba neno ni kama chungu. Thamani yake hutokana na kitu kitiwacho ndani. Siku hizi shikamoo hufuata umri, wala haifuati mali. Mwalimu kijana akimkuta asubuhi mzee afagiaye uwanja wa shule, akasimama, akamwambia, "Shikamoo, mzee," naye mzee akaitika, "Marahaba, mwanangu," basi neno lile la utumwa limesafishwa mbele ya watoto wote. Aliye na cheo amemwinamia asiye na cheo, wala hakupungukiwa na kitu. Bali kijana tajiri akipita karibu na hamali wa umri wa baba yake, akanyamaza akingoja aamkiwe yeye, huyo ameurudisha ukuta kwa mikono yake, hata kama kanzu yake ni nyeupe kama pamba.

Kwa hiyo twawapa kipimo kimoja, nacho ni chepesi kukumbuka. Usimpime mtu kwa jinsi amtendeavyo mkubwa wake, maana hapo hata mwoga huwa na adabu. Mpime kwa jinsi amtendeavyo yule asiyemtarajia kumfaa kwa lolote: hamali, mtumishi wa nyumbani, mtoto aliyetumwa dukani, mgeni aliyepotea njia. Je, amjibu kwa jina lake, au humwita kwa kidole? Amwambia "tafadhali" na "asante"? Amngoja amalize kusema? Akimkosa, humtaka radhi? Hapo ndipo uungwana utengwapo na mapambo.

Wazazi na walimu, kazi hii yawapasa ninyi kwanza, maana mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hamtamfundisha salamu kwa fimbo. Mtoto ampigwaye ili aseme shikamoo hujifunza kuogopa fimbo tu, wala hajifunzi kumheshimu mtu. Lakini akimwona mama yake akimkaribisha mwuza maji kivulini na kumpa kiti, hatalisahau jambo hilo. Nanyi wanafunzi, msingoje mpaka mpate kazi na nguo nzuri. Kesho asubuhi kila mmoja aweza kuanza: apige hodi kabla ya kuingia, asimame anapomwamkia mkubwa, apokee kwa mikono miwili, amwachie mwenziwe nafasi ya kusema, na afue nguo yake ile ile moja aliyo nayo mpaka itakate. Nguo yenye kiraka kilichoshonwa vema humheshimisha mtu kuliko nguo mpya yenye taka.

Mambo haya ni madogo, wala hatukatai. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Zamani waliambiwa watu wengi katika pwani hii kwamba uungwana si wao. Leo mlango huo u wazi kwa mtoto wa mvuvi na wa mkulima, wa kabila lo lote na wa dini yo yote. Kilichobaki ni kuingia kwa adabu, na tukiisha kuingia, tusimfungie aliye nyuma yetu.