Ikweta Haigeuzi Pangaboi

Nafundisha fizikia hapa Mbinga, na haupiti mwaka bila swali hili kuulizwa: "Mwalimu, ndege ikivuka ikweta, injini inabidi izunguke kinyume?" Nalipenda, kwa sababu lina mzizi wa kweli. Dunia inapojizungusha, hupindisha njia ya upepo: kusini kwa ikweta kwenda kushoto, kaskazini kwenda kulia. Ndiyo maana kimbunga Kenneth, kilichopiga Cabo Delgado, ng'ambo ya Mto Ruvuma, Aprili 2019, kilizunguka kufuata mishale ya saa. Vimbunga vya kaskazini huzunguka kinyume.

Lakini kimbunga kina upana wa mamia ya kilomita na huishi siku kadhaa. Beseni la maji wanaloonyeshwa watalii pale Nanyuki, Kenya, eti maji hugeuza mzunguko ikweta ikivukwa, halina ukubwa wala muda huo. Maji yake hufuata namna yalivyomiminwa.

Kwa injini, nawapa wanafunzi hesabu. Pangaboi la Q400, ndege ya ATCL inayotua Songea, huzunguka mara 850 kwa dakika ikiwa safarini. Kwa siku nzima ingekuwa mara 1,224,000. Dunia, mara 1. Upande wa kuzunguka huamuliwa kiwandani, kwa jinsi mapanga yalivyopindwa. Yakizungushwa kinyume yatasukuma hewa mbele. Mvuvi wa Mbamba Bay analijua hilo: akitia gia ya nyuma, pangaboi hugeuka na boti hurudi nyuma.

Kinachobadilika kweli ni dira. Sumaku ya dunia huvuta sindano chini pia: Ulaya huinamisha ncha ya kaskazini, huku kwetu ncha ya kusini. Dira iliyosawazishwa kwa ajili ya Ulaya ikiletwa mkoani kwetu Ruvuma hukaa upande, hivyo watengenezaji huiongezea uzito mdogo wa kuisawazisha. Hata kwenye kona tabia hugeuka. Rubani anayeelekea kaskazini akianza kukata kona, dira huchelewa kule Ulaya; huku hutangulia. Siku hizi marubani hutegemea setilaiti, lakini dira ya sumaku bado imo mbele yao, kwa siku ambayo vyombo vya umeme vitazimika.

Na mpaka wa mageuzi hayo si ikweta ya ramani. Ikweta ya sumaku, kwa upande wetu wa Afrika, hupita Ethiopia. Ndege iliyotoka Dar es Salaam ikatua Entebbe, kilomita chache kaskazini mwa ikweta, imeshabadili kizio, na bado ncha ya kusini ya dira yake ndiyo inayovutwa chini, kama ilivyokuwa Dar es Salaam.