Masomo ya Uhasibu Chuoni: Hatua ya Pili

Mhariri ameniomba niwaeleze ninyi wasomaji wa gazeti la shule yetu habari za masomo ninayoyasoma sasa katika chuo kimoja mjini Kampala. Nimekubali kwa furaha, maana wengi wenu mwafikiri kwamba uhasibu ni kujumlisha na kutoa tu, na ya kuwa mtu hodari wa hesabu hana haja ya kwenda chuoni kwa kazi hiyo. Sivyo hata kidogo. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Nami nimejifunza ya kwamba hata mali yenye daftari yaweza kupotea, ikiwa wenyewe hawajui kulisoma.

Katika hatua ya kwanza mwanafunzi hufundishwa kuandika kila jambo mara mbili, upande wa debiti na upande wa krediti. Ukinunua meza kwa fedha taslimu, meza imeingia na fedha imetoka, na yote mawili lazima yaonekane. Njia hii ilielezwa na mtawa wa Kiitalia, Luca Pacioli, katika kitabu kilichopigwa chapa Venice mwaka 1494, ingawa wafanyabiashara wa huko walikuwa wakiitumia tangu zamani kabla yake. Mwisho wa hatua hiyo ni urari: pande mbili zikilingana, mwanafunzi hushusha pumzi.

Hatua ya pili ni ngumu zaidi, maana urari waweza kulingana na hesabu bado ikawa inadanganya. Hapa twaulizwa maswali mengine: Mali hii ina thamani gani? Faida hii ni ya mwaka gani? Deni hili litalipwa kweli? Nitawapa mifano michache ili mwone wenyewe.

Mfano wa kwanza ni mali iliyo ghalani. Tuseme mwenye duka amenunua magunia 10 ya sukari kwa shilingi 150,000 kila moja. Baadaye bei imepanda, akanunua magunia mengine 10 kwa shilingi 170,000 kila moja. Kisha ameuza magunia 12 kwa shilingi 190,000 kila moja, akapata shilingi 2,280,000. Je, faida yake ni kiasi gani?

Jibu lategemea ni magunia yapi tunayosema yameuzwa. Tukisema yaliyotangulia kuingia ndiyo yaliyotangulia kutoka, basi gharama ni shilingi 1,840,000 na faida ni shilingi 440,000. Tukichukua bei ya wastani, yaani shilingi 160,000 kwa kila gunia, gharama ni shilingi 1,920,000 na faida ni shilingi 360,000. Na tukisema yaliyoingia mwisho ndiyo yaliyotoka kwanza, faida yapungua hata kufika shilingi 280,000. Sukari ni ile ile, mnunuzi ni yule yule, lakini faida ni tatu!

Njia hiyo ya tatu imekatazwa katika viwango vya kimataifa tangu viliporekebishwa mwaka 2003, ingawa Marekani bado wanairuhusu. Njia mbili za kwanza zakubaliwa, lakini ukichagua moja yakupasa kuishika mwaka hata mwaka, usibadilishe kila unapotaka faida kubwa. Tena angalieni jambo hili: yale magunia 8 yaliyobaki yakiuzwa mwaka wa pili kwa bei ile ile, faida ya miaka miwili kwa pamoja itakuwa shilingi 600,000 kwa njia zote tatu. Basi njia haiumbi fedha; yaigawa tu baina ya miaka. Lakini mgawanyo huo si jambo dogo, kwa kuwa kodi hulipwa kila mwaka na wenye mali hugawana faida kila mwaka. Na magunia yakilowa mvua, hata yasiweze kuuzwa kwa zaidi ya shilingi 100,000, huruhusiwi kuyaandika kwa bei uliyonunulia. Yaandike kwa fedha ambayo kweli utaipata.

Mfano wa pili ni uchakavu. Kampuni ikinunua lori kwa shilingi 80,000,000, si haki kuutwika mwaka mmoja gharama yote, maana lori litafanya kazi miaka mingi. Tukikadiria kwamba litatumika miaka 6, kisha litauzwa kwa shilingi 8,000,000, basi shilingi 72,000,000 hugawanywa, na kila mwaka hubeba shilingi 12,000,000. Wengine hukata asilimia 25 ya thamani inayobaki: mwaka wa kwanza shilingi 20,000,000, wa pili shilingi 15,000,000, na kuendelea kupungua. Njia hii yafaa kwa kitu kinachofanya kazi nyingi zaidi kikiwa kipya. Watu wengi hufikiri kwamba kuandika uchakavu ni kuweka akiba ya kununua lori jingine. La. Hakuna senti moja inayowekwa kando kwa sababu ya kuandika uchakavu. Atakaye lori jipya na aweke fedha benki.

Mfano wa tatu wawahusu ninyi wenyewe. Tuseme mzazi amelipa karo ya mihula mitatu mwezi wa Januari, jumla shilingi 1,500,000. Mwisho wa muhula wa kwanza, shule imepata mapato ya shilingi 500,000 tu. Shilingi 1,000,000 zilizobaki ni deni juu ya shule, ingawa fedha zimo sandukuni, kwa sababu masomo yake bado hayajatolewa. Mapato huandikwa pale kazi iliyoahidiwa inapotimizwa. Mwalimu mkuu asiyelijua jambo hili ataona fedha nyingi mwezi wa Februari, ajenge ukuta, na mwezi wa Oktoba akose maharage ya wanafunzi.

Kutoka hapo twafika kwenye somo ambalo naliona kubwa kuliko yote: faida si fedha. Katika wilaya yetu kuna chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ambacho sitakitaja jina. Mwaka mmoja wanachama walisomewa kwamba faida ni shilingi 46,000,000. Watu walipiga makofi, na wengi walitaka igawanywe mara moja, maana karo za watoto zilikuwa zikingoja. Baba yangu, ambaye ni mwanachama, alikuwa ameniletea karatasi za hesabu siku mbili kabla ya mkutano. Tulizisoma pamoja. Fedha za benki zilikuwa zimeshuka kutoka shilingi 21,000,000 hata shilingi 3,000,000. Madeni ya wanunuzi yalikuwa yamepanda kutoka shilingi 12,000,000 hata shilingi 74,000,000. Ondoa ongezeko hilo la shilingi 62,000,000 katika faida, ondoa na shilingi 2,000,000 zilizonunua mizani mpya, nawe utaona mara moja zile shilingi 18,000,000 zimekwenda wapi.

Sehemu kubwa ya deni ilikuwa ya mnunuzi mmoja, aliyepitisha mwaka mzima bila kulipa. Kiwango cha kimataifa kinachotumika tangu mwaka 2018 chataka makampuni yakadirie hasara ya madeni mapema, yasingoje mdaiwa akimbie. Na hata kwa chama kidogo, deni lililokwisha kuonyesha dalili mbaya lapasa kupunguzwa vitabuni. Hapa palikuwa hapajapunguzwa kitu. Basi baba alisimama mkutanoni akauliza, "Bwana Mwenyekiti, faida hii iko benki, au iko kwa mnunuzi?" Jibu halikupatikana upesi. Mwishowe wanachama walikubali kungoja. Hesabu zilitengenezwa upya, shilingi 30,000,000 zikaondolewa kwa ajili ya deni baya, na faida ikabaki shilingi 16,000,000. Wengine walinung'unika sana, wala siwalaumu. Lakini kama wangaligawana zile 46,000,000, ingalibidi chama kikope, na riba ingalilipwa na kahawa ya msimu uliofuata.

Kwa wale wanaotaka kuifuata kazi hii, nchi zetu zina vyombo vya kuwasimamia wahasibu na kuwatahini. Tanzania iliunda Bodi yake kwa sheria ya mwaka 1972, Kenya ilitunga sheria yake mwaka 1977, Uganda mwaka 1992, na Rwanda mwaka 2008. Mitihani si rahisi. Kukariri hakufai, kwa sababu mtahini hubadilisha habari kidogo tu, na aliyekariri hupotea. Mimi hufanya maswali mawili kila jioni kwa kalamu na karatasi, kisha najieleza kwa maneno kwa nini kila tarakimu imekaa mahali pake. Nikishindwa kulieleza jambo kwa Kiswahili chepesi, najua bado sijalielewa.

Basi, ndugu zangu, msidharau hesabu mnazofundishwa sasa, wala lugha, maana mhasibu asiyeweza kueleza ni kama taa iliyofunikwa. Tena anzeni mapema. Chama chochote cha wanafunzi mlicho nacho hapo shuleni kina fedha kidogo na daftari. Siku ya mkutano, ombeni lisomwe, nanyi mwulize kwa adabu: fedha ziko wapi, nani anadaiwa, na je, atalipa?