TAA IMSUBIRIYO MWENYE KUVUKA
Maelezo juu ya vitambuzi vya waendao kwa miguu katika vivuko vyenye taa

Mtu atokaye katika vichochoro vya Mji Mkongwe kwenda Ng'ambo hana budi kuivuka Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wakaazi wengi wangali wakiiita Creek Road. Zamani hapo palikuwa na mkono wa bahari, na daraja lililokuwapo ndilo lililoipa Darajani jina lake. Maji yalikwisha kufukiwa, lakini taabu ya kuvuka ingalipo. Daladala, vespa, bodaboda na mikokoteni hukutana na mama mwenye kikapu, mwanafunzi wa skuli na mzee mwenye bakora.

Penye mistari ya pundamilia pekee, salama ya mwenye kuvuka imo katika hisani ya dereva. Penye taa, salama hiyo imo katika hesabu, na hesabu hiyo inastahiki kufahamika na kila mmoja.

Hesabu ya sekunde

Katika nchi nyingi, wapangaji wa taa hukadiria kuwa mtu huenda mita 1.2 kwa kila sekunde. Kwa kadiri hiyo, barabara yenye upana wa mita 12 huvukwa kwa sekunde 10. Lakini mzee, mgonjwa au mja mzito huenda pengine mita 0.8 tu kwa sekunde, naye huhitaji sekunde 15. Zikimalizika zile sekunde 10, atakuwa amebakiwa na mita 4 mbele yake, na magari yameruhusiwa kuondoka. Mtu huyo hakufanya kosa lolote, bali amepimwa kwa miguu ya kijana.

Kazi ya kitambuzi

Kitambuzi ni chombo kinachofungwa juu ya mlingoti wa taa ili kutambua kuwa pana mtu. Baadhi yake hutumia rada, vyengine hupokea joto la mwili, na vyengine hutumia kamera. Ifahamike kuwa kazi hii haihitaji kumjua mtu ni nani. Inatosha kujua kwamba yupo na anakwenda wapi.

Kazi zake ni tatu. Kwanza, humtambua mtu aliyesimama ukingoni akisubiri, hata kama mikono yake imejaa mizigo na hawezi kubonyeza kitufe. Pili, iwapo mtu huyo amekwisha kuondoka, hulifuta ombi lake ili magari yasisimamishwe bure. Tatu, nayo ndiyo kubwa, humwangalia aliyekwisha kuingia barabarani na kuyazuia magari hadi afike upande wa pili, kwa muda wenye kikomo.

Uingereza ilianza kuvitumia vivuko vya namna hii, viitwavyo Puffin, katika miaka ya 1990. Huko taa ya mwenda kwa miguu huwekwa upande ule ule aliosimama, ili anapoitazama awe pia anayaelekea magari yanayokuja. Singapore ilichagua njia nyengine mwaka 2009: mzee au mlemavu hugusisha kadi yake kwenye mlingoti, akaongezewa sekunde.

Manufaa kwa mji kama wetu si madogo. Alasiri za mwezi wa Ramadhani, watu wanaponunua vitu vya futari, umati wa Darajani si ule wa siku nyengine. Taa yenye muda mmoja haiwezi kuijua tofauti hiyo.

Mipaka yake

Hata hivyo, chombo hiki hakina akili ya mwanaadamu. Ikiwa meza ya biashara imewekwa ukingoni mwa kivuko, kitambuzi kitamhesabu mwuzaji na wateja wake kuwa ni watu wanaotaka kuvuka. Magari yatasimamishwa pasipo mtu, na dereva aliyesimamishwa bure mara nyingi huanza kuidharau taa. Siku atakayovuka mtu kweli, dharau hiyo itakuwa khatari. Aidha, vumbi na chumvi ya bahari huziba kioo cha kamera kisiposafishwa.

Umeme nao ni sharti. Unguja ilikosa umeme wa gridi kwa muda wa takriban mwezi mmoja mwaka 2008, na kwa takriban miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Kivuko kisichokuwa na betri au nishati ya jua hugeuka mlingoti mtupu.

Wajibu wa kila mmoja

Mwenye kuvuka atazame kulia kwanza, kisha kushoto, kisha kulia tena, hata kama taa imemruhusu. Dereva naye asimtimue kwa honi mtu aliyemo kivukoni. Wafanya biashara wauache wazi ukingo wa kivuko.

Watumishi wanaohusika na mipango ya barabara wanakumbushwa kuwa jambo la msingi halihitaji chombo cha ghali. Kwa saa ya mkononi na kwa kusimama kivukoni nyakati mbali mbali, mtu anaweza kupima mwendo wa wale wanaokwenda polepole na kuzipanga sekunde kwa ajili yao. Kitambuzi huja kuikamilisha kazi hiyo. Hakiji kusamehe kutofanywa kwake. Katika taarifa yake ya mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kwa mwaka, na zaidi ya mmoja katika kila watano ni mwenda kwa miguu. Pengine sekunde 5 za subira zingetosha kumfikisha mmoja wao upande wa pili.