Ametulia, Hajapona

Neno "dawa" ni miongoni mwa maneno yanayotumikishwa mno katika Kiswahili. Tuna dawa ya meno, dawa ya mbu na dawa ya panya, na wahenga nao walinena kwamba dawa ya moto ni moto. Katika matumizi yote hayo mna wazo moja lililojificha, nalo ni kwamba dawa huja, ikaondoa kitu, na kazi yake ikaisha. Mgonjwa naye hutarajiwa anywe dawa, apone, kisha aiache.

Wazo hilo halimdhuru mtu aliyeugua malaria, maadamu amemaliza vidonge vyake. Laweza kumwangamiza kijana aliyepatwa na saikosisi, yaani hali ya kusikia sauti zisizokuwepo na kushikilia imani zisizo na msingi, au aliyepatwa na maradhi ya bipola, ambayo humpandisha mtu katika uchangamfu usio na kiasi, kisha humtumbukiza katika huzuni nzito. Mimi si tabibu. Taaluma yangu ni isimu. Hata hivyo, nasadiki kwamba baadhi ya wagonjwa wetu hurudi hospitalini kwa sababu ya neno, na kwa hiyo jambo hili linawahusu walimu sawa na linavyowahusu madaktari.

Mama mmoja wa Kitengela alinieleza habari za mwanawe kwa ufupi: "Mwalimu, alipona mwezi wa nne, tukaacha vidonge. Mwezi wa nane akaanza tena kuzungumza na ukuta." Hakuna uzembe katika maneno hayo. Mama huyo alifuata maana ya kitenzi "kupona" kama alivyorithi kwa wazee wake. Aliyepona hanywi dawa. Ambalo hakuambiwa, au aliambiwa kwa haraka akiwa amesimama dirishani pa dawa, ni kwamba mwanawe alikuwa ametulia kwa sababu ya vidonge vile vile alivyoviacha.

Dawa za saikosisi, kama vile kloropromazini, haloperidoli, risperidoni na olanzapini, hupunguza nguvu ya dopamini, kemikali ambayo chembe za ubongo huitumia kupashana habari. Huchukua siku, na mara nyingi majuma kadhaa, kabla ya nafuu kamili kuonekana. Zikikatizwa ghafla, hatari ya maradhi kurejea huongezeka sana, hata kama mgonjwa alionekana mzima kabisa. Lithiamu, ambayo daktari John Cade wa Australia alieleza manufaa yake mwaka wa 1949, huzuia mawimbi ya bipola yasipande wala kushuka kupita kiasi. Wapo wagonjwa ambao daktari huweza kuwapunguzia dawa polepole baada ya muda, lakini uamuzi huo hutokana na uangalizi. Hautokani na kalenda ya jirani.

Je, Kiswahili kimeshindwa kueleza dawa ya namna hii? Hasha! Ukimwi ulipotuvamia, lugha yetu iliunda kauli "dawa za kupunguza makali". Kauli hiyo ilifundisha kwa maneno machache kwamba adui yumo mwilini, amenyimwa makali, na kwamba anayetumia dawa huishi, husoma na huoa akiwa bado anameza vidonge kila siku. Maradhi ya akili hayajapata kauli kama hiyo. Mimi napendekeza "dawa za kutuliza maradhi", na kwamba anayezitumia aambiwe "ametulia", wala asiambiwe upesi kwamba "amepona".

Wala fikra ya kutumia dawa ukiwa mzima si ngeni Kajiado. Katika Kimaasai, neno *olchani* humaanisha mti na humaanisha dawa pia. Magome na mizizi, kama ya *olkiloriti*, huchemshwa pamoja na supu ya nyama, ikanyweka na watu wasiolalamikia ugonjwa wowote. Sisemi kwamba supu hiyo itachukua nafasi ya haloperidoli. Nasema kwamba mzee wa Kajiado akielezwa kwa mfano huo, ataelewa kwa nini mjukuu wake anameza kidonge ilhali haumwi.

Kuna maneno mengine yanayotukwaza. "Wazimu" limefungamana na mizimu, na anayeamini kwamba mwanawe ameshikwa na mizimu hatatafuta vidonge kwanza. "Akili" hubeba maana mbili, ya werevu na ya nafsi yenye kufikiri, hivyo mwanafunzi akiambiwa ana ugonjwa wa akili husikia kwamba yeye ni mjinga. Hata jina Mathari tumeligeuza tusi. Hospitali hiyo ya Nairobi ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka wa 1910, ilhali kloropromazini ilianza kutumiwa kwa saikosisi jijini Paris mwaka wa 1952. Kwa zaidi ya miaka 40, basi, jina hilo lilikua likihusishwa na kutengwa, kabla dawa hazijaweza kumrudisha mtu nyumbani. Dawa zimekuja, lakini tusi limebaki.

Fauka ya hayo, ni lazima tuseme ukweli kuhusu madhara. Haloperidoli yaweza kukakamaza shingo, kutetemesha mikono na kuinyima miguu utulivu. Olanzapini huongeza uzito na sukari ya damu. Valproeti yaweza kumdhuru vibaya mtoto aliye tumboni, na msichana hapaswi kuanzishiwa bila kuelezwa hilo. Lithiamu hudai vipimo vya damu, kwa kuwa kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru vimekaribiana. Mwili ukipungukiwa na maji na chumvi kwa jua kali, kuhara au kutapika, figo huizuilia lithiamu ndani hadi ikawa sumu. Katika kaunti kame kama Kajiado, na katika mtaa wa Kitengela ambako wengi hununua maji kwa mtungi, onyo hilo si la kupuuzwa. Hata vidonge vya maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki huweza kupandisha kiwango hicho. Mgonjwa asiyeelezwa mambo haya, siku shingo yake itakapopinda, atadhani ametiliwa sumu na atatupa vidonge vyote. Akielezwa mapema, atarudi kwa daktari apunguziwe au abadilishiwe.

Lakini maneno mazuri hayatafaa kitu iwapo rafu za dawa ni tupu. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka wa 2022 yanazitaka kaunti zitoe matibabu haya katika vituo vyao. Mgonjwa wa Kajiado mjini hastahili kupita Isinya, Kitengela na jiji zima la Nairobi ili kutafuta sindano ya kila mwezi. Kumwambia mtu asiache dawa, kisha kumnyima dawa yenyewe, ni kumdhihaki.

Kwetu sisi walimu, jambo hili liko karibu kuliko tunavyodhani. Maradhi haya aghalabu hujitokeza katika miaka ya mwisho ya ujana na ya ishirini na kitu, yaani katika madarasa yetu ya sekondari na vyuo. Mwanafunzi anayesinzia asubuhi huenda ni dawa ya usiku inayomlemea, na fimbo haitamwamsha. Anayeomba ruhusa kila mwezi aende kudungwa sindano apewe ruhusa bila kuhojiwa mbele ya wenzake. Nanyi wanafunzi, mwenzenu akirudi kutoka hospitalini, msimuulize kama amepona. Mwulizeni anaendeleaje, na iwapo dawa yake imebaki ya kutosha hadi mwisho wa mwezi.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Tulio na kazi ya kufundisha maneno tuanze kwa kuyataja maradhi haya bila matusi, na dawa zake bila hofu.